Sehemu ya Mwenzangu

Shemeji yangu, fundi magodoro, hakuwa mtu wa kumaliza hadithi. Simsengenyi; yeye mwenyewe alijua, na mtaa mzima ulijua. Kazi yake ilikuwa kuanza. Ataanza kwa madaha, mikono inapaa, sauti inapanda, na akifika pale ambapo msikilizaji ameshasahau chai yake mkononi, anageuka kumtazama mkewe na kusema, "Au vipi, mwenzangu?" Basi, amemaliza. Dada yangu anadakia na kuimalizia, naye anakaa kusikiliza mdomo wazi, kana kwamba hakuwepo mambo hayo yalipotokea.

Dada naye ukimwambia aanze, hawezi. Ungemkuta uani anachambua sufi, ukamwuliza ilikuwaje siku mwizi alipojificha nyuma ya godoro akashonwa shati, angecheka mpaka machozi yamtoke, lakini neno hatoi. "Hiyo mpaka aianze mwenyewe," atakwambia, na utaondoka na hamu yako.

Mimi na dada tumefuatana ziwa, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kusema nitakalo juu ya mumewe, na yeye alikuwa na haki ya kunijibu. "Shemeji," nilikuwa namwambia, "dada yangu ulimposa nusu tu, nusu nyingine alijiposa mwenyewe." Anajibu kwamba afadhali yeye alipata nusu, mimi na mdomo wangu nimekosa hata robo. Ni kweli, sikuolewa. Ni yeye peke yake aliyeweza kulisema hilo na mimi nikacheka.

Chumba chao cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba, chumba kirefu chenye dirisha moja lililotiwa wavu ili sufi isitoroke. Sufi ni nyepesi, jamani; ukipiga chafya, imeshafika darini. Waliichambua kutoa mbegu, wakaishindilia kwenye mfuko mkubwa wa kitambaa kizito cha mistari, wakaupiga kwa fimbo mpaka ukae sawa, wakashona mdomo. Halafu ndipo kazi yenyewe inaanza. Godoro linasimamishwa wima katikati ya chumba, limeegemezwa kwenye nguzo mbili, yeye upande huu, dada upande ule, hawaonani. Shemeji anachoma shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, inatokeza upande wa pili. Dada anaipokea, anavuta uzi, anaweka kipande cha kitambaa ili uzi usikate, anairudisha. Na wakati wote huo wanaongea. Ukipita barabarani ulisikia sauti moja ikianza upande huu wa godoro na nyingine ikimalizia upande ule, na mikono haisimami. Nadhani ndivyo walivyojifunza kusimulia.

Walijaliwa mtoto mmoja, wa kike. Alikuwa na jina lake, lakini hakuna aliyelitumia. Mtaa ulimwita Kisufi. Lilitokana na siku aliyopotea. Shemeji ndiye aliyekuwa akianza hiyo: jinsi walivyogeuka mtoto hayupo, jinsi alivyokimbia mtaani na kiatu kimoja, akagonga milango, akachungulia ndani ya pipa la maji la muuza mkaa, akamshuku mpaka mzee kinyozi ambaye alikuwa anaogopa hata kuku. "Narudi nyumbani nimekwisha. Nimekaa pale mlangoni. Sina miguu, sina sauti. Au vipi, mwenzangu?" Na dada: "Basi mimi nimesimama tu, sijui nilie au nifanye nini, mara nasikia chafya. Chafya ndogoo. Natazama lile lundo la sufi, naona linapumua." Mtoto alikuwa amejichimbia humo akalala. Hadithi hiyo nimeisikia mpaka nimeikinai, na kila mara nilicheka.

Kulikuwa na hadithi ya pili ya Kisufi, na hiyo hawakuisimulia watu wa nje. Walitusimulia sisi wa nyumbani tu, siku ambazo mmoja wao amezidiwa na huzuni. Shemeji alianza kwa sauti ya chini. Mtoto ana homa, asubuhi homa imeshuka kidogo, ameomba maji, amekunywa. Kuna godoro la bibi harusi, harusi yenyewe kesho, na mteja ameshakuja kuulizia. Dada akamwambia nenda, ulipeleke urudi. Akalibeba kichwani. Yuko njiani, mvua ikaanguka. Sasa godoro la sufi likilowa limekufa. Inashikana mabonge, huna godoro tena, una gunia la matope. Akajibanza kwenye baraza ya duka lililofungwa, amelikumbatia godoro la watu, anangoja mvua ikatike. Hapo ndipo alipokuwa akiinamisha kichwa. "Nimesimama pale. Au vipi, mwenzangu?" Na dada anachukua, anasimulia yaliyotokea ndani ya chumba, kwa maneno yaleyale kila mara. Shemeji hakumtazama akisimulia. Aliokota uzi wowote uliokuwa karibu akawa anautia kwenye sindano na kuutoa.

Mvua ilipokatika na yeye akarudi, mtoto alikuwa ameshafumbwa macho.

Hawakupata mwingine. Picha ya Kisufi haikuwahi kupigwa, sisi hatukuwa watu wa picha. Makaburi alimozikwa yalikuja kuhamishwa kupisha barabara mpya, na waliohamisha walihamisha yenye majina kwenye mawe. La kwake lilikuwa na kibao, na kibao kililiwa na mchwa. Kwa hiyo mtoto yule alibaki kwenye vinywa viwili. Naomba hilo likumbukwe, maana ndilo lililotusumbua baadaye.

Sasa, yule binti. Alitoka maktaba ya mjini, ana mkoba na kinasa sauti kidogo kama kipande cha sabuni. Wenzetu mtaani walimpachika jina la Binti Sauti. Alikuwa anakusanya maisha ya watu wa kawaida, kwa maneno yao wenyewe, yahifadhiwe wajukuu waje kuyasikia. "Wakubwa wameshaandikwa vya kutosha," alimwambia dada. "Nawatafuta nyinyi mliowatengenezea hao wakubwa magodoro." Dada alicheka sana. Na ni kweli ilikuwa kazi nzuri, sitaki mtu aseme nilimpinga. Muuza mkaa alirekodiwa, kinyozi alirekodiwa, hata mama mshona viatu aliyekuwa hajibu salamu alikaa na Binti Sauti mpaka chai ikapoa.

Lakini alikuwa na taratibu zake. Mtu mmoja, chumba kimoja, mlango umefungwa. Eti watu wawili wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa humfunika mwenzake, na hasa wanawake hufunikwa na waume zao. Nilimwambia, "Mwanangu, hao wawili ni mtu mmoja. Ukiwatenganisha utapata nusu na nusu."

"Mama, ndiyo hivyo tulivyofundishwa," akasema kwa adabu. "Nikivunja kwa mmoja itanibidi nivunje kwa wote."

"Basi vunja kwa wote."

Dada akanifinya. "Mwache mtoto wa watu afanye kazi yake. Na wewe nawe, kila mahali lazima uwe wakili?"

Akaingia shemeji kwanza, mlango ukafungwa. Dada alikaa uani na sinia la sufi, na nilimwona akiinua kichwa mara kwa mara kutazama ule mlango. Halafu wakapishana. Shemeji alipotoka nilimwuliza amesema nini. "Nimesema, shemeji," akajibu. "Lakini nimejiona kama mtu aliyealikwa chakula akala peke yake." Dada alipotoka alikwenda moja kwa moja kusimama upande wake wa godoro, wakaendelea kushona.

Godoro hilo hawakulimaliza. Dada aliugua ghafla, kichwa tu, anasema kichwa, kesho yake hasemi kitu, na kabla hatujajua tunapambana na nini, akatutoka. Nimeandika maneno haya haraka kwa sababu siwezi kuyaandika polepole. Nilikuwa naye tangu siku niliyozaliwa. Sijui hata sasa mtu anatakiwa afanye nini na mambo yote ambayo alikuwa akimwambia dada yake.

Shemeji alinyamaza. Kuongea aliongea, akasalimia, akajibu, lakini kusimulia, hapana. Watu walimchokoza kwa nia njema, "Fundi, tuambie ya mwizi," akawa anainua mkono kidogo na kuushusha. Kazi nayo ikafa. Magodoro ya sponji yalikuwa yameshawachukua wateja wengi, lakini hata wale wachache waliobaki hakuweza kuwashonea, maana mtu mmoja hawezi kuwa pande mbili. Nikajitolea. Nikasimama alipokuwa akisimama dada, mbele ya lile godoro lililobaki nusu, shazia ikatokeza, nikaivuta kwa nguvu zangu zote, kitambaa kikachanika.

"Shemeji," akasema toka upande wa pili, "unavuta kama unagombana nalo."

Tulicheka wote wawili, halafu tukaacha. Godoro likabaki wima pale pale, nusu lina vishikizo vya uzi, nusu limevimba.

Binti Sauti alirudi baada ya miezi. Kanuni yao nyingine, hii ya maana, ilikuwa kwamba wenyewe wasikilize kwanza kabla ya sauti kwenda kuhifadhiwa. Hakuwa na habari za msiba. Tulipomwambia alikaa chini akalia kama mtoto wetu, na hapo nikamsamehe mambo mengi. Kisha akauliza kama baba angependa kusikia au tuache. Shemeji akasema anataka kusikia.

Tukaanza na ya kwake. Jamani. Ilikuwa ni sauti ya mtu anayefungua milango na kuiacha wazi. Anaanza ya mwizi, anapanda, anapanda, "Au vipi, mwenzangu?" Kimya. Unasikia kuku nje. Unasikia Binti Sauti anasema taratibu, "Endelea, baba." Na yeye, aibu imemshika, anaanza nyingine. Ya Kisufi kupotea, mpaka pale mlangoni, hana miguu, hana sauti. Kimya. Na ile ya mvua. Alikuwa ameianza pia, sikutegemea. Amefika barazani mwa duka, amekumbatia godoro. "Nimesimama pale. Au vipi, mwenzangu?" Kuku. Kimya. "Endelea, baba." Na baba anaeleza jinsi bei ya kitambaa ilivyopanda.

Ya dada nilisikiliza nimejiziba mdomo kwa kanga. Sauti yake ileile, na kule kuvuta pumzi kabla ya kucheka. "Basi mara nasikia chafya," anasema, na hakuna aliyejua chafya ya nani, maana hakuna aliyepotea. Binti Sauti anamwuliza, "Na mtoto, mama, ilikuwaje?" Kisha dada anasema, "Hiyo huwa anaianza yeye. Nikiisema mimi peke yangu, itakuwa kama nimemwacha nje mvuani. Mwulize mwenyewe, atakwambia."

Basi. Hapo ndipo ilipokwisha.

Shemeji alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa cha kufutia jasho. "Kwa hiyo hayumo," akasema. "Kisufi hayumo. Mimi nimemwachia mama yake, mama yake ameniachia mimi."

Mimi na hasira zangu mnatujua. Nilimgeukia yule binti. "Nilikwambia! Nilikwambia hao ni mtu mmoja! Sasa taratibu zako zimetupa nini?"

"Usimgombeze mtoto wa watu," shemeji akasema. "Hakujua. Hata sisi hatukujua mpaka leo."

Binti Sauti machozi yanamtiririka. "Baba, mkusanyo unafungwa mwisho wa mwezi huu, lakini muda bado upo. Simulia wewe. Yote. Nitarekodi upya."

"Sikuwepo," akasema shemeji.

"Lakini unajua ilivyokuwa."

"Kujua najua. Lakini sikuwepo, mwanangu. Nilikuwa nimesimama chini ya baraza ya duka, nimeshika godoro la watu. Nitasemaje ya ndani?"

Nikasema basi nisimulie mimi, maneno ya dada nayajua yote. Akanitazama kwa upole ulioniuma kuliko kama angenifokea. "Wewe, shemeji, ulivuta uzi mara moja tu, ukachana kitambaa."

Yule binti akaondoka na kinasa chake. Zilipita siku, na sitasema nilikuwa mvumilivu. Kifua cha shemeji kilikuwa kimeshaharibika, sufi ya miaka yote ile ilikuwa imekaa humo, akikohoa unaona mabega yanafuata. Kila nikimpelekea uji nilimwambia, "Mzee, hiki kifua hakingoji mtu. Ukienda na hadithi hiyo, mtoto amekwenda mara ya pili." Nilisema hivyo hivyo, sikuzunguka. Alikuwa anakoroga uji tu. Sikumwonea huruma kwa sababu nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimeshampoteza dada, na Kisufi nilimbeba mgongoni mwangu, nilimfundisha kupiga mluzi, na nilijua kwamba kama baba yake hakufungua kinywa, mimi nitakuwa mtu wa mwisho duniani kujua kwamba aliwahi kuwepo.

Siku moja asubuhi akaniambia nimwite yule binti. Binti Sauti alikuja anahema. Shemeji akasema, "Mlango usifungwe. Na shemeji akae ndani." Binti Sauti akasema hata angetaka mtaa mzima ukae ndani, sawa. Nikaketi kwenye gunia karibu na dirisha.

Hakukaa kwenye kiti alichowekewa. Alikwenda kusimama mbele ya lile godoro, upande wake. Akapangusa vumbi kwa kiganja, akatafuta alipoishia, akatia uzi kwenye shazia. Binti Sauti aliniangalia, nikamwashiria awashe.

Akaanza. Homa asubuhi, imeshuka, ameomba maji, amekunywa. Godoro la bibi harusi. Nenda ulipeleke urudi. Sauti ilikuwa imechoka lakini ilikuwa yake, ilipanda ilipotakiwa kupanda. Mvua. Baraza. "Nimelikumbatia godoro la watu, maji yanapita miguuni. Nasema sasa hivi itakatika. Nasema sasa hivi. Nimesimama pale." Akachoma shazia, ikazama. "Au vipi, mwenzangu?"

Kuku nje. Mtu anapita na baiskeli. Sikuweza. Nikafungua kinywa nianze kusema maneno ya dada, na shemeji, bila hata kugeuka, akanyanyua mkono kunizuia.

Kisha akaanza kutembea. Alilizunguka godoro taratibu, mkono mmoja umeshika ukingo, akasimama katikati akakohoa mpaka nikainuka, akanipungia nikae. Akafika upande wa pili. Upande ule sikuwahi kumwona akisimama hata siku moja. Akaiona shazia ilipotokeza, akaishika, akavuta uzi wote mpaka mwisho, akaweka kipande cha kitambaa. Na akiwa pale akasema:

"Mimi nimempakata. Mvua inapiga bati, hatusikilizani vizuri. Ameamka. Anatazama mlango. Anasema, mama, baba amerudi? Nikamwambia amerudi, yuko mlangoni anajipangusa maji. Akanyamaza. Akasema, godoro limelowa? Nikamwambia halikulowa, baba yako amelifunika vizuri, halikulowa hata kidogo. Akasema, afadhali. Akaegemeza kichwa chake hapa." Akagusa kifua chake, kile kifua kibovu. "Hapa hapa. Akalala."

Ndivyo dada alivyokuwa akisema, neno kwa neno, mpaka na ile "hapa hapa". Binti Sauti alikuwa amejiinamia juu ya mashine yake. Mimi nililia, na nililia kwa sauti, na kilio changu kimo katika mkusanyo wao mpaka leo, waliokuja kusikiliza wamenisikia.

Shemeji hakulia. Alifunga kifundo, akageuza shazia, akaichoma kuirudisha. Ikatokeza upande huu, ncha inang'aa, ikabaki imening'inia. Hakukuwa na mtu wa kuipokea. Nilimsikia akingoja.

Nikainuka kwenye gunia, nikaenda kusimama upande aliouacha yeye. Nikaishika, nikavuta kidogo kidogo, uzi ukaja bila ugomvi.

"Hivyo hivyo, shemeji," akasema toka upande wa dada. "Hivyo hivyo."